Hukumu Isiyokuwemo Kwenye Diski

Ubao ulio mlangoni mwa banda letu la sinema huandikwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi. Chaki nanunua mwenyewe. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi nilipofika na kuukuta umeshaandikwa, kwa mwandiko ulioinama kama mlevi anayetafuta ukuta, nilihisi kama mtu aliyemkuta jirani amevaa viatu vyake. Nikasoma:

JUMAMOSI SAA TISA ALASIRI. HAKIMU WA BANDIA. FILAMU NZIMA. MWISHO WA KWELI, SI WA KUTUNGWA NA TAPELI.

Nikalirudia neno la mwisho. Nikageuka kuangalia kama nyuma yangu kuna mtu mwingine anayeweza kuwa ndiye. Palikuwa na mbuzi mmoja tu, anatafuna boksi. Tapeli nilikuwa mimi.

Mimi ni sauti. Mtaa mzima unaniita hivyo, Sauti, mpaka wadogo wa shule wananiamkia kwa jina hilo. Filamu zetu zinakuja na lugha za watu, na wanaolipa kiingilio wanataka kucheka na kulia kwa lugha yao. Basi nakaa kwenye stuli nyuma ya projekta, maikrofoni mkononi, nimeivisha soksi ili isivume, na ninawasemea wote: mume, mke, polisi, mtoto, mbwa. Mlango ukilia, ni mimi. Farasi akikohoa, ni mimi. Makosa nafanya, sikatai. Kuna filamu moja niliisimulia mwaka mzima nikidhani wanaume wawili wenye masharubu ni mtu mmoja, na watazamaji wakamlaani sana mtu yule kwa kumuoa dada yake. Lakini kukosea si kutapeli. Anayekosea anaumia akijua. Tapeli anajua kwanza, kisha anaumiza.

Na tusi lile liliniuma mara mbili, kwa sababu Hakimu wa Bandia ni filamu ya matapeli.

Ni ya kale, nyeusi na nyeupe, na hakuna aliyezidi miaka sita mtaani kwetu asiyeijua. Kuna mwanamume mrefu ambaye watu wetu wamembatiza Ngazi, na mwanamke wa glovu wanayemwita Bibie. Wawili hawa wanakodi duka lililofungwa, wanalipaka rangi, wanaweka meza, kiti kirefu na nyundo ya mbao, kisha wanatundika kibao: MAHAKAMA. Hakimu wao ni mzee aliyewahi kuigiza jukwaani akafukuzwa kwa ajili ya chupa. Joho wameazima kwa dobi. Ni la hakimu wa kweli aliyelipeleka kufuliwa, na lazima lirudi kabla ya Alhamisi. Basi matajiri wa mji wanaletwa mmoja mmoja kwa makosa ya kubuni, huyu kwa kuvaa kofia iliyozidi kimo, yule kwa kupiga miluzi mbele ya benki, na kila mmoja anatozwa faini, anashukuru, anaondoka kinyumenyume. Watu wanacheka mpaka mabati yanatetemeka.

Halafu, dakika ya sabini, anaingia mjane.

Hakuitwa na mtu. Ameona kibao cha MAHAKAMA akaamini. Mkononi ana karatasi: nyumba aliyoachiwa na mumewe imechukuliwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu, na hiyo ndiyo karatasi aliyoitumia kuichukua. Vicheko vinakatika. Hakimu anaipokea karatasi. Anafuta miwani. Anasoma. Anainua macho, anamtazama mama yule. Anafungua mdomo.

Na diski inakwama.

Kuna mkwaruzo pale kama njia ya kucha. Tumeifuta kwa maji, kwa pamba, kwa dawa ya meno. Haisogei. Siku ya kwanza ilipokwama, miaka sita iliyopita, nilikuwa na miaka kumi na tisa na kazi ile ilikuwa na wiki mbili. Skrini nzima ilikuwa mdomo wa mzee, umeachama, meno mawili hayapo. Watu mia moja na zaidi wakanyamaza wakimngoja aseme. Na kwenye benchi la pili, mkoba mapajani, alikuwa amekaa mama yangu.

Mama yangu ni mjane. Wiki ya tatu baada ya kumzika baba, baba mdogo alikuja na karatasi yenye muhuri, na mwisho wa mwezi tulikuwa tunalala chumba kimoja cha kupanga, mimi, Mama na cherehani yake. Aliipeleka karatasi ile ofisini mara tatu. Hakuna aliyeisoma. Narudia, maana hasira yangu yote imesimama hapo: hakuna aliyeisoma! Bwana mmoja aliipokea, akaiweka juu ya meza, akaweka juu yake kikombe chake cha chai, akaendelea kuongea na mwenzake habari za mpira. Doa lile la chai lipo mpaka leo, duara kamili, kama muhuri wa pili.

Basi nilipomuona hakimu ameachama na Mama ameinua shingo, maikrofoni ikaja mdomoni yenyewe. Nikamsemea. Nikasema nyumba ile nimeiona kwa macho ya akili, vyumba vitatu, mlango wa bluu, na dirisha la jikoni lenye kioo kimoja cha kijani baada ya cha kwanza kuvunjika. Nikasema nani aliyeibebea mchanga na nani aliyeibebea maji. Kisha nikamalizia kwa shairi, kwa sababu mashairi nilikuwa nimejifundisha mwenyewe kwa kitabu kisicho na jalada, na sikuona hukumu ya uzito ule inavyoweza kutolewa kwa maneno ya kawaida:

*Karatasi nimesoma, nimeisoma kwa kina,*
*Muhuri wake si wema, sahihi haina jina,*
*Nyumba ni ya huyu mama, hakuna wa kubishana,*
*Joho nimeliazima, haki sikuiazima.*

Banda lilisimama. Mtu alirusha kofia ikagonga feni. Tangu siku ile, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni lazima Hakimu wa Bandia, na mstari wa nne hawaniachii kuusema peke yangu: mia nzima wanausema nami, wakipiga benchi.

Sasa mtu aje aandike tapeli. Kwenye ubao wangu! Kwa chaki yangu!

Nikamkuta mwenye banda ndani, anatia kiraka kwenye shuka la skrini. Tunamwita Mzee Pazia kwa sababu ya shuka hilo. Amelishona mara nyingi hivi kwamba mawingu ya filamu zetu yote yana mishono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Ubao umeuona?"

"Nimeuona. Nani tapeli?"

Akakata uzi kwa meno. "Lile ni neno la biashara tu. Kaandika mkwe."

Na mkwe mwenyewe akatokea nyuma ya projekta, kompyuta kwapani. Amemuoa binti mkubwa wa Mzee Pazia mwaka huu, anauza simu, na tangu harusi anatembea ndani ya banda kama fundi anayekagua nyumba ya kubomoa. Akanipigapiga begani. Sipendi kupigwapigwa begani.

"Ndugu mshairi, usivimbe. Nimeipata nzima, iko kwenye flashi hii hapa. Dakika tisini na moja. Yako inakufa ya sabini na moja. Hebu tuambie, hizo ishirini ulikuwa unazitoa wapi?"

"Kichwani."

"Umeona, baba?" akamgeukia mzee. "Hajabisha! Mtu anauza kitu ambacho hana, miaka sita. Huyo anaitwaje?"

"Nilikuwa nacho," nikamwambia. "Asiyekuwa nacho ni aliyetengeneza diski."

"Na sauti haihitajiki tena. Nimeweka maandishi chini, kompyuta imetafsiri yenyewe. Haikohoi, haichelewi, hailipwi."

Nikamtazama Mzee Pazia. Mtu huyu nimemjazia banda mvua na jua. Nimesimulia nikiwa na homa, nimesimulia jino limevimba, mpaka majambazi wote wa filamu wakawa wanaongea kama wamemeza shuka. Akainama kwenye kiraka chake.

"Jumamosi ukae tu kama mtazamaji," akasema. "Tuone watu watakavyopokea. Wakipenda... basi, tutaongea. Kiingilio nimekusamehe."

Kiingilio amenisamehe! Nilitoka mle ndani miguu haigusi chini kwa hasira. Nilitaka kuufuta ubao, nikajizuia. Ningeufuta wangesema ndiyo, tapeli anaficha ushahidi. Nikauacha vile, na kila mtu aliyepita wiki ile aliusoma. Wengine walinisalimia kwa sauti ya kumsalimia mgonjwa. Fundi viatu, mzee mmoja mkavu anayekaa mkabala na banda na asiyekosa filamu, aliniuliza kwa mbali, misumari mdomoni, "Vipi, Sauti, wamekunyang'anya kiti?"

"Hawajaninyang'anya kitu."

"Aa. Basi wamekiazima."

Nyumbani nilimwambia Mama siendi Jumamosi. Alikuwa anashona sare za shule, mguu kwenye cherehani, hakuusimamisha.

"Huendi kwa nini?"

"Wameniita tapeli, Mama. Kwa herufi kubwa."

"Wewe ni tapeli?"

"Mama!"

"Nakuuliza. Kama siye, unaogopa nini? Filamu?" Akageuza kitambaa. "Mimi nitaenda. Kiti changu cha benchi la pili nimekikalia miaka sita, simwachii mtu kwa sababu ya mwandiko mbaya. Na wewe vaa shati la kola. Ukitukanwa, tukanwa ukiwa umepiga pasi."

Nikaenda. Shati la kola.

Sijapata kuona watu wengi namna ile alasiri ya jua kali. Nusu walikuja kuona mwisho wa kweli, nusu walikuja kuniona mimi nikiuona. Mlango ulipofungwa na matundu ya mabati kuzibwa kwa matambara, joto lilikaa mabegani kama mtu. Mama benchi la pili. Mimi nilisimama nyuma kabisa, karibu na stuli yangu, ambayo mkwe alikuwa ameikalia. Maikrofoni ilikuwa chini ya meza, uchi. Soksi yake ilikuwa imetupwa kwenye kona kama panya aliyekufa. Niliiona, na nikamhesabia.

Filamu ikaanza. Maandishi yakatokea chini, madogo meupe, na ya mbio. Ndani ya dakika tano banda lilikuwa darasa la kwanza: kila benchi linasoma kwa sauti, kila benchi kwa mwendo wake. Walio mbele walimaliza neno wakati walio nyuma wanalianza. Ngazi alifanya mzaha wake mkubwa wa kofia, na kicheko kikaja vipande vipande, kama gari bovu linalokataa kuwaka. "Amesemaje?" "Ngoja!" "Toa kichwa, wewe, umekalia herufi!" Mama mmoja akamwambia mumewe kwa sauti ambayo haikuhitaji maikrofoni, "Nimekuja kuona filamu, si kufanya mtihani."

Naapa sikufurahi. Sawa, nilifurahi kidogo. Lakini nilikuwa nahesabu dakika, na moyo ulikuwa unanipiga mpaka kwenye meno. Kwa sababu mimi pia nilikuwa sijui. Miaka sita nimekaa na mdomo ule umeachama mbele yangu, na nimelala nao usiku. Nilikuwa nimejiambia kwamba alichosema hakimu hakiwezi kuwa mbali sana na nilichosema mimi. Maneno mengine, sawa. Mizani asingekuwa nayo. Lakini mtu anayefuta miwani vile, akamtazama mjane vile, atasema nini zaidi ya haki? Tapeli anabahatisha uongo. Mimi nilikuwa nimebahatisha ukweli. Ndivyo nilivyoomba iwe.

Dakika ya sabini, mjane akaingia. Banda likanyamaza lenyewe, kwa mazoea. Hakimu akapokea karatasi. Akafuta miwani. Akasoma. Akamtazama. Akafungua mdomo.

Tukapita mkwaruzo. Nilishika ukuta.

Hakimu akapiga chafya.

Chafya! Akapiga chafya kubwa, karatasi ikaruka, miwani ikaanguka, nyundo ikamwangukia mguuni. Ngazi na Bibie wakaingia mbio, polisi wa kweli wanakuja, wakamshika mzee huku na huku wakamtoa kwa dirisha. Kukatokea mkimbizano wa baiskeli na kuku. Kukatokea treni. Ndani ya treni wakafungua sanduku la pesa, likawa na joho la hakimu lililofuliwa na kupigwa pasi, dobi amewawahi, pesa kachukua yeye, wakaangaliana, wakacheka, treni ikaingia kwenye pango. Mwisho. Majina yakaanza kupanda.

Na mjane? Mjane tulimwacha amesimama peke yake kwenye duka lile, anaokota karatasi yake sakafuni, sekunde moja, mgongo wake tu. Hawakurudi kwake. Dakika ishirini nzima, kuku walipewa nafasi, baiskeli ilipewa nafasi, na mjane hakupewa hata sura! Walimleta mama wa watu na karatasi yake ili mzee apate mahali pa kupigia chafya.

Nilihisi kikombe cha chai kinawekwa tena.

Kisha fundi viatu, taratibu, kama anayepima kiatu:

"Amepiga chafya?"

"Mjane yuko wapi?" mwanamke akauliza.

"Na nyumba je?"

"Hii feki!" akapaza mtu. Na neno hilo likapata miguu. "Feki! Wametuletea feki! Rudisha hakimu wetu!" Mabenchi yakaanza kupigwa. Mkwe akasimama juu ya stuli yangu, kwa viatu, mikono juu.

"Jamani! Jamani, hii ndiyo ya kweli! Ndiyo nzima!"

"Nzima gani, hakimu ana mafua?"

"Tapeli wewe! Umemkata hakimu ulimi!"

"Nani amekutuma, shemeji yake mjane?"

Mzee Pazia akaja kwangu amejikunja, ameshika kiwiko changu kama mtu anayezama. "Kijana wangu. Okoa banda. Wataling'oa hili. Chukua maikrofoni, waambie hii imechezewa, waambie ya kwako ndiyo halisi. Neno moja tu. Kiti chako kinarudi leo, na ubao, na nakuongezea."

Hebu fikirini. Wiki nzima nimeitwa mwongo nikiwa sijadanganya, na sasa naombwa kudanganya ili nisiitwe mwongo. Na ingekuwa rahisi! Watu wenyewe walishaamini. Mkwe angetoka mle ndani anarushiwa makopo, nami ningebebwa. Nilimtazama yule mzee, nikatazama stuli yangu chini ya viatu vya mtu.

Nikainama, nikaokota soksi. Nikaikung'uta. Nikaokota maikrofoni, nikaivisha pole pole, nikaivuta mpaka mwisho. Walionijua waliponiona wakanyamaza, wakawanyamazisha wengine.

"Sikilizeni," nikasema. "Filamu hii si feki. Huyu bwana, pamoja na mwandiko wake, hajawadanganya. Hii ndiyo yenyewe. Chafya ndiyo mwisho."

Nikasikia Mzee Pazia anavuta pumzi.

"Waliotengeneza filamu hii walikuwa na fedha, na taa, na treni nzima, na hawakumkumbuka yule mama. Walimwona ni wa kuchekesha. Sijui walilalaje. Hukumu mliyoizoea haimo kwenye filamu, haikuwahi kuwemo. Niliitunga mimi, hapa hapa, kwa sababu diski ilikwama. Kila neno. Miaka sita. Kama huo ni utapeli, basi tapeli ndiye mimi, na siombi radhi kwa waliotengeneza. Kwenu ninyi naomba."

Nikaishusha maikrofoni. Nikangoja kiatu cha kwanza. Nilikuwa tayari hata nimekichagulia shavu.

"Umemaliza?" akauliza fundi viatu.

"Nimemaliza."

"Basi na mimi nikuulize, kijana. Wewe unatuona sisi vipofu?"

"Vipi?"

"Picha imesimama. Dakika kumi na mbili! Mzee wa watu ameachama, hafumbi mdomo, hapepesi jicho, nzi wa banda wanatembea juu ya ulimi wake, na wewe unaongea tu, nyumba, mchanga, maji, shairi. Na hakimu wa ng'ambo anatoa hukumu kwa vina! Nani hakujua?"

Kicheko kilianza benchi la kwanza kikaja nyuma kama maji. Nilisimama nikiwa nimewaka uso. Sikuwahi kufikiria. Miaka sita nilikuwa naitazama ile picha kama dirisha, wao walikuwa wanaitazama kama picha iliyokwama.

"Mlijua tangu lini?"

"Siku ya kwanza."

"Mbona hamkusema?" Nilikuwa na hasira sasa, hasira ya kweli, kwao.

"Tungesema," akajibu fundi viatu, "ungeacha."

Kisha Mama, kutoka benchi la pili, bila kugeuka, mkoba mapajani: "Hata mimi nilijua. Hakimu wa sinema angejuaje kwamba dirisha langu la jikoni lina kioo cha kijani?"

Hapo hawakucheka. Waliokuwa wanajua habari ya nyumba yetu waliangalia chini. Waliokuwa hawajui wakaulizana kwa kunong'ona, na jibu likapita benchi hadi benchi, nikaliona likipita. Mimi shati la kola lilinibana shingo. Siri yangu ya hasira ilikuwa imekaa pale katikati ya watu, imepakata mkoba.

"Shuka kwenye kiti cha mwenzio," mtu akamwambia mkwe.

Akashuka.

"Futa nyayo."

Akafuta kwa mkono wa shati.

"Sasa rudisha nyuma. Kabla ya mafua."

Mkwe akabonyeza. Treni ikatoka pangoni kinyumenyume, kuku wakarudi vizimbani, wezi wakaingia kwa dirisha walilotokea, mzee akavuta chafya yake ikarudi puani. "Simama! Hapo! Hapo hapo!" Akapitiliza, akarudi, akapitiliza tena, watu wakimwongoza kama anayeegesha lori. Mwishowe kidole chake kikatulia, na mdomo ukajaa skrini, umeachama, meno mawili hayapo, safi kuliko nilivyowahi kuuona.

"Sasa, Sauti," wakasema.

Nilisema. Sauti ilinikwaruza mwanzoni. Vyumba vitatu nikavitaja, mlango wa bluu nikautaja, mchanga na maji. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Na wa nne haukuwa wangu kabisa. Uliondoka chini, kwenye mabenchi, ukapiga mabati: *Joho nimeliazima, haki sikuiazima!* Mzee Pazia alikuwa anausema, nilimwona midomo. Hata mkwe, kidole kwenye kitufe, alisema nusu ya pili kabla hajajikamata.

Watu walipokuwa wanatoka, mkwe akanifuata, sauti ya chini.

"Sasa filamu yangu nzima ni ya kazi gani?"

Fundi viatu akamjibu akipita. "Ya kusimamisha."

Nilifuta ubao kabla sijaondoka. Mzee Pazia alikuwa ameshaanza kuandika chini, kwa haraka ya kunipendeza, MIISHO MIWILI, WA KWELI NA WA NYONGEZA. Nikafuta na hiyo. Nyongeza! Nikaandika: HAKIMU WA BANDIA, NA HUKUMU YAKE. Chini yake, kwa mara ya kwanza, nikaandika jina langu lote, la kwangu na la baba. Mzee akatazama, akakohoa.

Njia ya kwenda kwetu inapita mbele ya ile nyumba. Miaka yote Mama hupita pale akiwa anaangalia mbele, mwendo ule ule, kama nyumba ni gari lililoegeshwa. Siku hiyo alisimama. Jua lilikuwa bado lipo, baba mdogo hayuko nje, nguo za watoto wake zinakauka kwenye kamba aliyoifunga Mama kwa mkono wake. Kioo cha kijani kilikuwa kimewaka upande wa jikoni.

Nilidhani atalia. Nikajiandaa kusema jambo.

"Leo dirisha umeliruka," akasema.

Ni kweli. Nilipofika pale kwenye hukumu nililiona neno linakuja nikalipita. Niliona aibu, watu wote wameshajua.

"Nililisahau, Mama."

"Hukulisahau." Akahamisha mkoba bega. "Uliwaogopa. Wewe uliyesimama ukamkatalia Mzee Pazia uongo mbele ya watu wote, ukaogopa kioo." Akakitazama tena, muda mrefu zaidi, bila kificho, mpaka pazia la dirishani likatikisika kama kuna mtu nyuma yake. Hakuondoa macho. "Mwezi ujao lirudi."

"Litarudi."

"Na usiliseme haraka."